Kiti cha Kutazama Kaskazini

Baba mkwe wangu, mzee Madhukar Sabnis, alipima mashamba ya watu kwa miaka thelathini na minne, na hakuna mkulima wa pande zetu za Miraj aliyewahi kurudi kumlaumu hata kwa hatua moja. Ndiyo shida yenyewe. Mtu ambaye hajawahi kukosea kipimo haambiliki.

Mama mkwe, Kusum, aliteleza uani akienda kuoga, akavunjika nyonga. Daktari akasema atarudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, na huo ua asiuvuke tena. Lazima apate choo na bafu kando ya chumba chake. Mama mwenyewe kule hospitalini alikuwa amegoma kunywa maji, maana akinywa itabidi amwombe muuguzi beseni. Midomo ilikuwa imempasuka. "Nitakunywa kwangu," aliniambia, "mahali nitakapojisitiri mwenyewe." Basi kila siku iliyopotea, mimi niliihesabia kwenye midomo ile.

Kando ya chumba chake palikuwa na stoo, futi sita kwa saba. Fundi Lakshman aliingia, akazungusha macho, akachora sakafuni kwa chaki kabla chai yake haijapoa. Choo cha kukaa pale kwenye kona. Chuma cha kushikia ukutani. Pa kuogea upande wa pili, na kiti cha plastiki cha kukalia. Maji yateremkie ukuta wa nje. Mlango ufungukie chumbani, ili mgonjwa akianguka asiuzibe. Nilitaka kumbusu mikono.

Baba akatoa dira mfukoni.

"Lakshman, anayekaa hapa anatazama wapi?"

"Kusini, mzee."

"Kusini ndiko kwa Yama! Mke wangu kaponea chupuchupu, halafu mimi nimkalishe kila asubuhi uso kwa uso na mfalme wa mauti?"

"Mzee, anakwenda haja, haendi kuposwa."

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Siku ya pili akamleta mtaalamu wa pande za nyumba, mtu wa kukuambia jiko likae wapi na kitanda kielekee wapi, na huyo akatikisa kichwa mbele ya ile chaki kana kwamba ameonyeshwa maiti. Baada ya hapo baba alichora. Alichora asubuhi, akachora wakati bhakri yake, mkate wa mtama, ikipoa sahanini. Katika ramani moja choo kilikaa katikati ya chumba kama mgeni wa heshima. Katika nyingine ilibidi ukiruke ndipo ufike bombani. Nyonga iliyovunjika, iruke choo! Ramani kumi na moja, na kila moja ina mshale wa kaskazini uliopambwa vizuri.

Siku ya nane nilishindwa kujizuia, mkwe nisiyepaswa kupaza sauti.

"Baba, mama hanywi maji!"

Baba akakunja karatasi zake. "Mwambie Lakshman akiweke kiti kona ile ile," akasema, "ila akigeuze. Kitazame kaskazini. Mengine yote kama alivyosema yeye."

Nikaona tumepona. Kugeuza kiti tu, kuna nini? Hata mimi, niliyejiona mwerevu wa nyumba nzima, sikuona.

Mama aliletwa siku ya kumi na mbili, vigae vikiwa vimekauka jana yake. Nikamwingiza akiwa amevaa nguo zake, ajaribu kukaa kwanza, baba akisubiri nje ya mlango, kifua mbele. Mama akakaa. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Chuma kiko wapi?"

"Si hicho hapo, mama. Kushoto."

"Baba Nitin!" akamwita mumewe. "Hebu njoo hapa."

Baba akachungulia.

"Nikimaliza, ninainuka kwa kushika chuma hiki?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono huu ninaojisafishia? Miaka arobaini na sita unakula chakula cha mikono yangu, hukuwahi kuona ni upi?"

Kiti kilipogeuzwa, ukuta ambao ungekuwa kulia kwake ulihamia kushoto, na chuma pamoja nao. Kulia kulibaki wazi, mahali pa kuogea. Mpima mashamba wa miaka thelathini na minne!

"Nilikigeuza usimtazame Yama," baba akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Yama anaijua nyumba hii tangu alipomchukua mama yako," Mama akamjibu. "Akija, na anikute msafi. Mwite Lakshman."

Lakshman alikuwa Kolhapur, kwenye harusi ya mpwa wake, wiki nzima. Nilisema nitamshika mimi. Mama akakataa: mimi ni mkwe, na aibu ni aibu. Kwa hiyo aliyeingia ni baba. Alisimama upande wa kulia, ameukaza mkono wake kama bomba la chuma, na mimi nikiwa chumbani natandika kitanda nilikuwa nawasikia.

"Umefumba macho?"

"Nimefumba."

"Usitetemeke, mzee, nitaanguka."

"Sitetemeki."

Mara nne, tano kwa siku. Wala hakuchora kitu wiki ile.

Lakshman aliporudi alikigeuza kiti kitazame kusini, kama alivyotaka siku ya kwanza, bila kumcheka mtu, na sementi ilipokauka mama akaingia na fimbo yake, akafunga mlango nyuma yake, peke yake. Baba akabaki nje, mkono bado ameukunja mbele yake, hajui aupeleke wapi.