Nilikata Jina la Mama Yake kwenye Kanda

Jina langu sitasema, na duka langu msilitafute. Ni mimi niliyeharibu sifa ya mzee wa watu, kisha nikamwacha abebe aibu yangu peke yake.

Nina duka la kurekodi kanda hapa Malaba, karibu na pale trela hupanga laini zikingoja kuvuka kwenda Uganda. Wateja wangu wengi ni madereva. Dereva akikwama hapa, kitu anataka ni muziki wa kumfikisha Kampala bila kusinzia. Ananiambia, mama, niwekee moto moto, zile za kukokota nitolee. Nami namchanganyia: moja ya Kizaire, moja ya Kiganda, moja ya kwetu. Nilikuwa na deki mbili na mkono mwepesi, na nilijisikia sana.

Siku moja akaja mzee Etyang kutoka Chakol. Huyu alikuwa anapiga akogo, kile kibao chenye vyuma vyembamba unavyochezesha kwa vidole gumba. Alikuwa ameazima redio, akajirekodi nyumbani kwake, akaniletea kanda nimtolee nakala auze sokoni. Alikuwa amevunja vile vijino vya mgongoni mwa kanda ili mtu asije akarekodi juu yake. Hiyo ndiyo pekee alikuwa nayo.

Nikasikiliza. Wimbo ulianza polepole, vyuma vikilia kimoja kimoja, mzee akitaja watu. Alijitaja yeye, akataja ukoo, halafu akakaa sana kwa jina la mama mmoja marehemu. Akamsifu alivyolima, alivyolisha watoto wa wenyewe. Ndipo wimbo ukachemka. Lo! Ulichemka mpaka tanboi mmoja, msaidizi wa dereva wa trela, aliyesimama mlangoni akaanza kucheza na mkate mkononi.

Hapo ndipo nilijifanya mjuaji. Nikasema hawa madereva wangu hawawezi kungoja mwanzo mrefu hivyo. Nikaukata wote. Hata nakala za mzee nikazitoa hivyo hivyo, nikijiambia namsaidia zinunuliwe haraka. Na kwa sababu kanda tupu zilikuwa zimeniishia, nikachukua ile aliyoniletea, nikaziba kwa karatasi vile vitundu vya vijino alivyovunja, nikarekodi muziki mwingine juu ya sauti yake. Mungu wangu, ile karatasi niliikunja kwa vidole vyangu hivi!

Mzee alipouliza kanda yake, nikamwambia utepe ulimezwa na deki. Hakuwa na redio ya kusikilizia nakala. Akazifunga kwenye mfuko, akanishukuru, akaenda.

Ile kanda niliyoikata mwanzo ilinunuliwa kweli kweli. Ilipigwa kwa hoteli zote za hapa, ikafika Busia, ikavuka hadi Tororo. Lakini ukiuliza nani anaimba, watu wanasema tu ni ile ya Malaba. Na mimi kichwa kikazidi kuvimba.

Kumbe yule mama aliyesifiwa ameacha mtoto. Anaitwa Emojong, anafanya biashara ya ng'ombe huko huko Chakol. Alikuwa amempa mzee Etyang mtamba ili jina la mama yake liingie kwenye kanda, lisikike hata na watu ambao hawakumjua. Sasa kanda inalia kila mahali na mama hayumo. Emojong akaona mzee amekula mtamba wake na kumtupa mama yake.

Wakaja dukani wote wawili. Emojong hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu kama jina la mama yake lilikuwa kwenye kanda niliyoletewa.

Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu! Lakini pale kwa benchi wateja walikuwa wametega masikio. Nikafikiria wanamuziki wengine wakisikia hawataniletea kazi tena. Nikakaza uso.

"Mimi nilirekodi vile aliniletea," nikasema.

Mzee Etyang hakunitukana. Aliniangalia kidogo, akasema, "Dada, hebu kumbuka vizuri."

Nikasema nimekumbuka. Jamani, nilisema nimekumbuka!

Emojong akaenda kumchukua ng'ombe wake, wakati huo ameshazaa na wajukuu wa mzee wanakunywa maziwa. Habari ikaenea kwamba mzee anakula mali ya watu na majina anayatupa. Mazishini hawakumwita tena.

Harusi moja tu hapa Malaba ndiyo ilimkumbuka, na mimi nilikuwepo. Alipoanza taratibu, akitaja watu, vijana wakampigia kelele aruke hayo, aingie pale kwa kanda. Hata hawakujua kwamba wimbo una mwanzo. Masikio yao niliyafundisha mimi! Mzee akafunga akogo kwa kitambaa, akaondoka, na vijana wakaweka kanda yangu wakacheza.

Krismasi iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwake. Nilimkuta akianika mihogo. Nililia, nikamweleza yote, hata ile karatasi. Nilikuwa nimebeba redio na kanda mpya. Nikamwomba aimbe tena, nitoe nakala zenye mwanzo wake, nizigawe bure.

Aliendelea kugeuza mihogo. Kisha akaniuliza, "Kwa Emojong umepita?"

Nikasema bado.

"Basi anza huko," akasema. Halafu akanitolea kiti nikae mpaka jua lipungue. Kile kiti kiliniuma kuliko tusi.

Sijaenda. Nimewaandikia ninyi kwanza kwa sababu ninyi hamnijui, na najua huo ni uoga.

Lakini nisikilizeni, ninyi mnaorekodi na ninyi mnaonunua. Wimbo wa mtu usiukate kwa sababu wewe una haraka, hujui ameweka nini hapo mwanzo. Na kama umeshakata, ukiulizwa, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale walio kwa benchi. Ukingoja, mdomo unazidi kuwa mzito.

Boda za baiskeli husimama hapa mbele ya duka langu. Jana nilimwita mmoja, nikapanda nyuma, nikamwambia Chakol. Tulipofika pale trela ya mwisho kwenye laini nikamwambia basi, nirudishe.