Samaki wa Kizito kwenye Sufuria la Hitima

Jamani, aibu hii nimeinyamazia miaka mingi, wakaisimulia wengine mpaka ikavuka kwa boti kwenda Mwamgongo, na kila aliyeisimulia aliongeza chumvi yake, kwa hiyo leo acheni niiseme mwenyewe niliyelowa.

Wakati huo mimi ndiye niliyetunza vyombo vya mtaa pale Kasingirima, upande wa Ujiji, yaani masufuria makubwa, masinia na miiko ya shughuli, na mlango wangu sikuwa naufunga mchana, kwa sababu mwenye msiba au harusi aliingia tu akachukua anachotaka (Mama Vyombo ndilo jina walilonipa, nadhani lile nililopewa na wazazi walishalisahau). Mume wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki, mwanangu yuko Mwanza ananikumbuka Idd kwa Idd. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, boti zinashusha watu na magodoro, mji umefurika, maji ya bomba yanatoka yakipenda, na katika hao waliovuka ziwa kukimbia vita ndipo akaja Kizito, kijana wa Kikongo, akapanga chumba changu cha uani.

Kazi yake ilikuwa kuzamia kwenye mawe na kukamata samaki wadogo wa mistari wanaopelekwa Ulaya, watu wakawaweke sebuleni wawatazame (wawatazame tu! nilicheka siku nzima). Akaunda tangi la vioo, akaliweka sebuleni kwangu kwa kuwa chumba chake kilikuwa tanuri, akatia samaki saba, na jioni akitoka ziwani tukawa tunakaa mbele ya hilo tangi tunazungumza, mimi na kikohozi changu, mpaka chai inapoa. Wallahi ile ndiyo miaka niliyokuwa nacheka ndani ya nyumba. Kisha ikatangazwa kwamba wakimbizi wote walioko mjini waende kambini, na Kizito akapanda lori lililoelekea njia ya Kidahwe.

"Mama, utanichungia hizi samaki," akaniambia. "Lakini usiwape chakula mingi, maji itaoza."

Sasa wewe niambie, mtu yuko peke yake, nyumba kimya, na kitu pekee kinachokuja mbio ukikisogelea ni hao samaki, usiwape chakula? Nikisikia upweke asubuhi, dagaa wa kusaga. Nikiusikia jioni, dagaa wa kusaga. Haikuchukua muda vikaota kwenye vioo vidudu vyeupe vyembamba kama uzi, vimeshika chini kwa mguu mmoja na juu vina vimikono vinavyopunga, na kikipita kitoto cha samaki vinakikamata vinakimeza. Nikachukua wembe nikavikwangua vyote, nikajisifu. Kumbe kile kidudu ukikikata vipande, kila kipande kinaota mikono yake kinakuwa kidudu kingine, na kabla ya Ijumaa mbili kupita kioo kizima kilikuwa kama kimeota mvi.

Ningeviacha, lakini dereva mmoja akaniletea salamu kwamba Kizito amepata ruhusa ya siku moja, atakuja Alhamisi alasiri. Nikakimbilia tangi kuwahesabu samaki, wasije wakawa wameliwa na vile vidudu. Maana nilikuwa nimeshajiambia kwamba anachokirudia ni samaki wake, na akiwakuta wamekufa, basi hana tena sababu ya kufika kwangu.

Nikaamua kuvimaliza vile vidudu kwa chumvi, kama konokono wa bustanini. Chumvi ya Uvinza ilikuwa sokoni Ujiji, ila samaki lazima watoke kwanza, na ndoo yangu ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Macho yangu yakaangukia sufuria kubwa la mtaa, safi, linang'aa. Siku hiyo ya Alhamisi kulikuwa na hitima ya arobaini ya mama yake Bi Mwajuma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, lakini walisema vyombo watachukua baada ya adhuhuri, nami nikaona muda ninao. Nikatia maji ya ziwani niliyoletewa kwa madumu, nikawahamisha samaki, nikafunika kwa sinia wasiruke, nikaenda zangu sokoni.

Kurudi na chumvi yangu, sufuria halipo.

Watu wa hitima waliliwahi mapema. Wakalikuta na maji, mmoja akafunua kidogo, akaona maji matupu (samaki wa mawe ukiwatisha wanalala chini kabisa), wakasema Mungu ambariki Mama Vyombo, katutilia na maji ya wali siku hizi za shida, wakalibeba wanne wakaliinjika juu ya mafiga.

Nilikimbia bila viatu. Njia ya uani kwa Bi Mwajuma ilikuwa imezibwa na kuni, kwa hiyo nikapita mbele, mbele walipokaa wanaume kwenye mikeka, na walikuwa katikati ya dua, mikono wameinua, na mimi nikapita katikati yao, nikakanyaga joho la shehe, nikapiga kelele, "Zimeni moto! Samaki wangu wako humo!"

Dua ilikatika. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: nilifika jikoni nikasukuma sinia, mvuke ukanipiga usoni, nikatumbukiza mikono yote miwili mpaka viwiko, maji yananiunguza, nawakusanya kwa upande wa kanga, na wanawake wamesimama na miiko yao hawajui wacheke au walie. Samaki walikuwa wamelala ubavu. Hapo nikakaa chini kwenye majivu nikalia kwa sauti.

"Dada," akasema Bi Mwajuma, taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza, angenitukana ingekuwa nafuu, "mama alipokufa hukumlilia hivi."

Nikamjibu kitu ambacho sikukusudia kusema mbele ya mtaa mzima. "Mama yako alikuwa na ninyi. Mimi ninaokaa nao ndio hawa!"

Wanaume walikuwa wamechungulia, wote walisikia. Kuvuruga hitima ningesamehewa, watu wangecheka yakaisha, lakini kusema upweke wangu hadharani, mtu mzima, nimelowa, kanga imebana samaki waliokufa! Nilinyanyuka nikaenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza mchana nikatia komeo.

Sebuleni tangi lilikuwa halina hata samaki mmoja, ila vile vidudu vilikuwa vizima kabisa, vinanipungia mikono.

Alasiri ikapigwa hodi. "Hodi, Mama! Ni mimi, Kizito!" Nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya mlango, karibu kiasi cha kumsikia akihema. Nikafikiri, nikifungua atalitazama tangi, atanitazama mimi. Nikaziba mdomo kwa kanga. Akapiga tena, akazunguka uani, akarudi, akangoja sana, kisha nikasikia nyayo zake zinaondoka.

Asubuhi Bi Mwajuma akaja na sahani ya wali (ubinadamu wa yule mwanamke siusahau), akakaa, akaniambia, "Jana kijana wako alipita kwangu. Kwako alibisha akachoka. Amesema nikuage. Wanapelekwa nchi za ng'ambo, mbali, ile ruhusa aliiomba aje akuamkie."

"Samaki je, aliwauliza?"

"Samaki gani? Aliuliza kama kile kikohozi chako kimepona."

Sijamwona tena Kizito. Tangi nililivunja, chumvi nikaipikia mboga hadi ikaisha, na nadhiri niliyoweka ni moja tu, mpaka leo naishika: mtu akibisha hodi namfungulia kwanza, hata kama nimelowa, hata kama nyumba inanuka, aibu nitaiona baadaye akiwa ameshakaa.