Enjeniyeri Aliyenyimwa Sentensi Moja

Jumanne nilikuwa katika ofisi moja ya ujenzi hapa Rumonge, nikingoja muhuri. Mbele yangu alikaa enjeniyeri, mwanamke aliyepiga hesabu za daraja dogo karibu na Magara, kando ya ziwa. Alikuja kuomba atestasiyo, cheti cha kazi aliyoifanya kwenye ofisi hiyo. Anataka kwenda Kanada, na huko wanataka barua inayosema wazi ni nini alichokihesabu yeye mwenyewe.

Shefu wa ofisi alisoma ombi, akavua miwani.

"Mama, nikiandika hesabu ni zako, watu watauliza mimi nilifanya nini."

"Mulisaini, shefu."

"Basi. Sinyatire, sahihi yangu, ndiyo kazi."

Akamwandikia mistari miwili: kwa miaka sita alisaidia kupanga karatasi za ofisi. Mwanamke aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikatoshea kwenye kiganja.

"Murakoze," akashukuru, bila kumtazama.

Alipofika mlangoni shefu akamwita. "Mama! Ile nguzo ya daraja iko na ufa tangu maji ya ziwa ilipanda. Upite uiangalie."

Nilidhani atatukana. Mimi ningetukana. Aligeuka, mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Ufa uko juu ama chini?"

Shefu hakujua. Mwanamke akashusha pumzi, akaenda kuuangalia.

Kila siku tunalia kwamba wasomi wetu wanatukimbia. Huyu tumemnyima hata njia ya kukimbilia, na kesho tutavuka salama juu ya hesabu zake.