Makofi Niliyopiga Kwenye Basi la Albania

Shule niliishia darasa la tatu, lakini Albania nimefika kwa pesa za kahawa yangu mwenyewe ya Kasulu. Binti yangu ameolewa huko milimani. Alitaka kutuma mtu anipokee.

"Baba, barabara za huku zinatisha."

"Mama, mimi nimetoa mahindi kijijini Nyakitonto kwa barabara za tope masika yote. Usinitishe."

Nikapanda basi dogo pwani, peke yangu. Tulipoanza kupanda mlima, upande wangu ukawa hauna ukingo. Nilichungulia nikaona bahari chini kabisa. Wazungu wanaifuata kwa uzuri wake. Mimi niliona kaburi. Na dereva alikuwa na simu sikioni, anacheka, anakata kona kwa mkono mmoja.

Lugha yao siijui. Nikafanya kama sisi Waha tunavyomsihi mtu kwa heshima: nikainama, nikapiga makofi polepole. Abiria wakanigeukia, wakatabasamu, nao wakapiga makofi. Kumbe walidhani namsifu! Dereva akapiga honi, akaongeza mwendo.

Heshima ikaniisha. Nikasimama nikapiga kelele, "We kijana! Unatuua! Nishushe!"

Kiswahili hakukielewa, ila uso wangu aliuelewa. Akafunga breki, akafungua mlango. Mlango wenyewe ulitazama korongo, na pa kukanyaga palitosha mbuzi tu. Nikarudi nyuma. Nikakaa sakafuni katikati ya viti, nikashika chuma cha kiti, nikamwashiria kwa kidevu aendelee.

Simu aliitia mfukoni. Mimi macho sikuyafumbua mpaka kwa binti yangu.