Fidla ya Saadi Kando ya Moto

Saadi bin Amri alikuwa mpiga fidla hodari, na mtu wa kuudhi kuliko wote niliowahi kupanda nao lori. Nayasema haya kwa kuwa mwaka ule wa 1953 nilikuwa mpiga ngoma wa bendi yetu ya Lindi, na kelele zake nilizisikia safari nzima.

Kila tulipoingia mji mdogo, kazi yake ilikuwa kununa. Nachingwea watu walicheza dansa mpaka vumbi likatuingia puani, yeye akasema hao washamba hawawezi kuijua fidla. Washamba! Na yeye kazaliwa Nkowe, kwenye mihogo! Halafu kulikuwa na ule wimbo wake, alioupiga peke yake sisi tukiwa kimya. Kila mji alijisifu kwamba kautunga mwenyewe.

Siku ya Ruangwa mvua ilitunyeshea njiani, ngozi za ngoma zikalegea. Nilizipanga uani kando ya moto zikauke na kukaza, kama tulivyozoea. Saadi aliacha fidla yake barazani, tukaenda kusali adhuhuri.

Huku nyuma mama yake, Bi Mwanaheri, akafika kwa miguu kutoka Nkowe. Mwanawe aliondoka nyumbani kijana, na tangu ashike fidla mama hakuwahi kumsikia akiipiga. Hata inavyolia hakujua. Alikuja kwa jambo hilo tu.

Tuliporudi, fidla ilikuwa kando ya moto pamoja na ngoma zangu. Gundi ilikuwa imeyeyuka, mgongo umebanduka, shingo imelala upande. Saadi alipiga ukelele, watu wakatoka madukani.

"Mshenzi gani kafanya hivi? Mjinga gani huyu, kalelewa porini?"

Bi Mwanaheri akasimama, kikapu cha mihogo mkononi.

"Ni mimi, mwanangu. Niliona mwenzio kaziotesha ngoma zake moto, yako imesahaulika kwenye baridi."

Nilimngoja aombe radhi. Wapi! Kaangalia chini, kavimba. Mama akamwambia taratibu, "Basi niambie tu ilikuwa inaliaje, nirudi zangu nyumbani."

Saadi akampa mgongo. Mama yake mzazi, mbele ya watu!

Ningemzaba kofi, wallahi. Badala yake nikamgeukia mama, nikampigia mluzi pale pale uani, ule wimbo wa Saadi wote, kwa nguvu, ili naye ausikie vizuri huko alikogeukia.

Bi Mwanaheri alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, uso wake ulikuwa umechangamka.

"Huo si wimbo wangu wa kutwangia?" akasema. "Nilikuwa nauimba kinuni, nimembeba mgongoni. Kumbe hakuusahau."

Akamwekea mwanawe mihogo barazani, akashika njia ya Nkowe.