Mkurugenzi Aliyefukuzwa na Msimamizi

Shemeji yake alimfukuza kazi mjane huyu kwenye kampuni iliyokuwa ya mjane mwenyewe, na kabla ya kumfukuza alimwita mwizi wa sabuni mbele ya watu. Huo ndio ubaya aliotendewa.

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, maana kazi yake ilikuwa udobi tangu ujana. Mumewe alipofariki, alibaki na mabeseni, kamba za kuanikia na shemeji. Mabeseni na kamba havikumsumbua.

Wakati huo hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kuifulia mashuka, lakini kazi hiyo haikuwa ya kila mwombaji. Ilitengewa wafanyabiashara wadogo wa makundi maalumu: vijana, watu wenye ulemavu na wanawake. Shemeji alijipima kwa kila kundi. Ujana ulishampa kisogo. Viungo vyake vyote vilikuwa vizima. Mke alikuwa naye, ila mke huyo alikuwa karani wa manunuzi palepale hospitalini, na mwajiriwa haruhusiwi kuiuzia hospitali yake. Ndipo akamkumbuka mjane wa kaka yake, akamletea karatasi za kusajili kampuni kwa jina lake.

“Shem, weka dole gumba hapa.”

“Ni nini hiki?”

“Nakufanya mkurugenzi.”

Wote wawili wakacheka. Mama Povu hakuwahi kukanyaga darasa. Alifuta povu kwenye gauni, akaweka dole.

Ukurugenzi ulidumu asubuhi moja. Wakaguzi walipokuja kuithibitisha kampuni, walimkuta ameketi kwenye kiti cha mkurugenzi, amevaa koti la mke wa shemeji. Walipoondoka, gari lao halijapinda kona, mwenye koti akanyoosha mkono. “Vua, mwenzangu, kabla hujalitia jasho.” Mama Povu akavua, akarudi kwenye mabeseni. Kiti akakalia shemeji, ambaye tangu siku hiyo alitaka aitwe Bosi. Mgeni akiuliza habari za yule mama pale uani, Bosi alijibu bila hata kugeuka: “Ah, huyo ni mmoja wa wafuaji wetu.”

Mama Povu aliyameza hayo. Kazi ni kazi, alijiambia, na huyu ni damu ya marehemu.

Kisha boksi la sabuni likakosekana. Jioni, wafuaji wakitoka, Bosi alisimama getini akamzuia Mama Povu peke yake. “Mwaga mkoba.” Akamwaga. Zikatoka ndala, dawa ya kikohozi, kipande cha mkate na picha ya marehemu mumewe. Sabuni haikuwemo.

“Basi umeshaiuza,” Bosi alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. “Mwizi wa sabuni wewe! Kesho nisikuone.”

Picha ilikuwa imeanguka kifudifudi kwenye maji machafu. Bosi aliiruka akaenda zake, na mtu wa kwenye picha alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Sabuni ilionekana wiki hiyohiyo nyuma ya boila ya kuchemshia maji. Hakuna aliyetumwa kumwambia. Alipata habari kwa shoga yake, mpiga pasi wa palepale, na tangu hapo hasira ikawa chakula chake. Aliamka nayo, akalala nayo.

Mkataba wa hospitali ulipokaribia kwisha, Bosi akabisha hodi, mpole kama mgonjwa.

“Shemeji yangu kipenzi, za siku?”

“Kipenzi tena? Nilidhani ni mwizi.”

“Aa, hasira tu zile. Wakaguzi wanakuja keshokutwa, kabla mkataba haujaongezwa. Njoo ukae kitini kidogo, halafu urudi zako nyumbani.”

“Nije na koti langu au la mkeo?”

Bosi akacheka kwa nguvu, akidhani ugomvi umekwisha. Yule mpiga pasi alipowaona wameagana vizuri, alimjia juu Mama Povu. “Yaani unakwenda kumwokoa? Huna hata aibu?”

“Nakwenda kazini,” Mama Povu alijibu.

Siku yenyewe akakaa kitini, koti lake mwenyewe mwilini. Mkaguzi alikuwa mama mnene, mtu wa maneno machache. Alisema kundi la wanawake halitaki jina la mwanamke kwenye karatasi tu. Sharti mwanamke aongoze mwenyewe.

“Nani hapa anaajiri na kufukuza?”

“Ni yeye, mama!” Bosi alidakia. “Hapa hata ufagio hauhami bila neno lake.”

“Ni kweli,” Mama Povu alisema. “Na huyu bwana, msimamizi, nimemwachisha kazi leo.”

Mkaguzi akainua macho. “Bwana, una la kusema?”

Bosi akapiga hesabu. Angesema kampuni ni yake, angekuwa amekiri kwamba aliidanganya hospitali, na zabuni angeisikia redioni tu maisha yake yote. Mkewe naye angeulizwa alijua nini.

“Sina, mama.”

“Funguo,” Mama Povu akasema.

Zikawekwa mezani.

Alimsindikiza mwenyewe mpaka getini. Wafuaji walishatoka, mikono imelowa. “Mwaga mkoba,” alimwambia. “Utaratibu uliuweka mwenyewe.” Bosi akamwaga: chanuo, pipi za kutafuna, chaja ya simu. Sabuni haikuwemo, na Mama Povu alisikitika kweli kuikosa.

“Basi ameshaiuza!” mpiga pasi akapaza sauti. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sasa mashuka yanafuliwa, kiti kina mwenyewe, na Bosi haitwi Bosi tena. Alimtuma mkewe aombe arudishwe, hata kama ni kuendesha gari la mashuka. Mama Povu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kilichobaki. Shemeji aje getini jioni, wafuaji wakitoka. Aseme kwa sauti ileile ya kufika ng'ambo ya barabara kwamba mjane wa kaka yake hakuiba sabuni. Kisha ainame aiokote ile picha, maana ataikuta chini, kifudifudi, Mama Povu mwenyewe ataiweka hapo.

“Mimi naweza kusema kwa niaba yake,” mke wa shemeji alijaribu.

“Hapana, mwenzangu. Wewe baki na koti lako. Deni hili ni la mumeo, na silipokei kwa mkono wa mtu mwingine.”