Mlango Alioufunga Shujaa

Mdogo wangu ni muuguzi; kazi yake ni kuosha vidonda ambavyo hata ndugu wa mgonjwa hawathubutu kuvitazama. Jioni moja tuliketi sebuleni kwake, pamoja na mumewe, tukitazama filamu ya mazombi. Shujaa alipoona mkewe ameng'atwa mkono, alimbusu, akamsukuma nje, akafunga mlango. Shemeji akapiga makofi.

"Huyo ndiye mwanamume!"

"Mwanamume gani?" nikafoka. "Kidonda chenyewe hata hakukitazama!"

"Sasa shemeji, angoje ageuzwe kitoweo?"

Mdogo wangu akamgeukia mumewe. "Baba Mapacha, na niking'atwa mimi?"

Shemeji alicheka. Akapunguza sauti ya televisheni, akaitazama mikono ya mkewe iliyochubuliwa na dawa za wodini.

"Kwa kweli sijui, mke wangu. Ningefunga. Halafu ningefungua. Sijui."

Nilisubiri mdogo wangu awake, kwani mimi nilikuwa nimekwisha kuwaka kwa niaba yake. Badala yake alimsogelea, akamwegemea begani.

"Ukifungua, vaa glavu," akamwambia.

Nikabaki sijui hasira yangu niipeleke wapi.